Kupima tiba ya kuigiza katika utafiti wa kairopraktiki: mwongozo kamili wa kutunza siri ya makundi

Anayefanya utafiti wa vidonge hutengeneza vidonge vya aina mbili vinavyofanana rangi, uzito na ladha, na hata muuguzi anayevigawa hajui kipi kina dawa. Katika kairopraktiki, yaani tiba ya kusukuma viungo vya uti wa mgongo kwa mikono, tiba yenyewe ni mikono ya mtu. Tabibu anajua fika kama amesukuma pingili au ameigiza, na mgonjwa aliyelala kitandani anausikiliza mwili wake, anangoja mlio wa kiungo, anampima tabibu kwa sauti yake. Ndiyo maana tiba ya kuigiza, yaani igizo linalofanana na tiba bila kutibu, hata ikibuniwa vizuri kwenye karatasi haitoshi kutunza siri ya nani yuko kundi gani. Inabidi ijaribiwe peke yake, kwa watu halisi, kabla ya jaribio kubwa kuanza, na iendelee kupimwa tangu kikao cha kwanza. Kusubiri hadi mwisho ndipo uwaulize washiriki walidhani wako kundi gani ni kuchelewa: kufikia hapo wengi wanajibu kwa kutazama kama maumivu yamepungua.

Tiba ya kuigiza inadaiwa mambo mawili, na mambo hayo yanavutana. Isiwe na tiba ndani yake, na mgonjwa aiamini. Ukiipunguza sana ili isitibu, haiaminiki. Ukiipamba ili iaminike, inaanza kutibu.

Majaribio ya zamani yanaonyesha mvutano huo. Mwaka 1998 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio la Kanada lililofanywa kwa watoto wenye pumu, wa miaka 7 hadi 16. Kundi moja lilipata tiba ya kairopraktiki, lingine likapata igizo lililokuwa na kukandwa kwa misuli na kupapaswa. Watoto wa makundi yote mawili walipata nafuu kidogo ya dalili, na tofauti kati yao haikuonekana. Wakosoaji wakasema igizo lenyewe lilikuwa na mguso wa kutosha kuleta nafuu. Mwaka huohuo jarida la JAMA lilichapisha jaribio la Denmark kuhusu maumivu ya kichwa yatokanayo na mkazo. Huko makundi yote mawili yalikandwa misuli. Moja likaongezewa msukumo wa pingili, lingine likaongezewa leza isiyo na kazi. Hapo misuli ilisawazishwa vizuri, lakini leza haifanani na msukumo, na mgonjwa anayejua kairopraktiki ni nini hashindwi kuona tofauti.

Mfano bora wa kuiga ni wa Norwei. Katika jaribio la kipandauso lililokuwa na vikao 12 ndani ya wiki 12, washiriki waliulizwa baada ya kila kikao kama wanaamini wamepata tiba ya kairopraktiki. Kulingana na ripoti ya mwaka 2015, zaidi ya asilimia 80 waliamini hivyo katika kila kikao, wawe kundi la tiba au la kuigiza. Jaribio hilo lilikuwa pia na kundi la tatu lililoendelea na dawa zake za kawaida tu. Tutalirudia kundi hilo, kwa sababu bila hilo kuna swali moja lisilojibika.

Hatua ya 1: Andika unachokiondoa

Kabla ya kubuni igizo, andika kwa sentensi moja kile unachoamini ndicho kinachotibu. Kwa mfano: "msukumo wa haraka na mfupi, kwenye kiungo kilichochaguliwa, baada ya kukifikisha mwisho wa mwendo wake." Sentensi hiyo ina vitu vinne: kasi, kani (nguvu ya msukumo), mahali na mkazo wa kiungo kabla ya kusukuma. Igizo linaondoa hivyo vinne. Mengine yote yanabaki sawa katika makundi yote mawili: historia ya ugonjwa, kupapasa, muda wa kuguswa, kulala na kugeuzwa, idadi ya misukumo, maelezo, na hata namna ya kuagana.

Ukishindwa kuiandika sentensi hiyo, usiendelee. Utakuwa unalinganisha kitu usichokijua na kitu kingine usichokijua.

Hatua ya 2: Jenga igizo

Kwa mgongo wa chini, tiba halisi hufanywa mgonjwa akilala ubavu. Goti la juu hukunjwa, kiwiliwili huzungushwa hadi mkazo ufike kwenye pingili, kisha tabibu husukuma. Katika igizo, mlaze vilevile na ukunje goti vilevile, ila bega na nyonga vibaki kwenye mstari mmoja, usimzungushe hadi kwenye mkazo. Weka kiganja kizima juu ya msuli wa kalio, si kisigino cha mkono juu ya pingili. Sukuma polepole, kwa umbali mfupi, kuelekea upande usiohusiana na mwendo wa kiungo. Kama itifaki (mpango ulioandikwa wa utafiti) inataka pande zote mbili, geuza pande zote mbili.

Kwa shingo na mgongo wa juu, igizo linaweza kufanywa kwenye ukingo wa kombe la bega, kwa mguso mpana na msukumo dhaifu wa polepole. Jaribio la Norwei lilitumia maeneo haya, kombe la bega na makalio. Shingo yenyewe ipapaswe tu kama inavyopapaswa kwa wengine. Usiizungushe hadi mwisho wa mwendo kisha ukaacha kusukuma: kuifikisha pale peke yake ni kunyoosha misuli, na unyooshaji ni tiba.

Kuna wanaotumia kifaa cha mkononi chenye springi, kama Activator, kikiwa kimewekwa kwenye sifuri ili kitoe mlio bila msukumo wa maana. Ni rahisi kukisawazisha na mlio unafanana. Lakini kinafaa tu pale ambapo kundi la tiba halisi nalo linatibiwa kwa kifaa hichohicho. Kundi moja likisukumwa kwa mikono na lingine likagongwa kwa kifaa, umewapa washiriki matarajio mawili tofauti, na tofauti ya matokeo haitakuambia imetoka wapi. Kitanda chenye kipande kinachoanguka ni kisaidizi kizuri, kwa sababu mshindo wake husikika na kuhisiwa na kila mtu. Kikitumika, kianguke kwa makundi yote mawili, idadi ileile ya mara.

Hatua ya 3: Pima kani, usikisie

Tabibu mwenye uzoefu akisema "nimesukuma kidogo tu", hicho si kipimo. Misukumo halisi ya mgongo wa juu hufikia niutoni mia kadhaa, na ya shingo mara nyingi huwa karibu niutoni 100 hadi 150, yote ndani ya muda usiofika robo sekunde. Igizo lazima lithibitishwe kuwa mbali na hapo.

Tumia mwanasesere wa mafunzo, au mtu wa kujitolea, juu ya kitanda chenye vihisi vya kani vinavyosoma angalau mara 1,000 kwa sekunde. Mizani ya bafuni au ya dukani haifai hata kidogo: hulainisha usomaji na kukosa kilele cha msukumo, kwa hiyo itakudanganya kwamba hata msukumo mkali ni mdogo. Kama huna kitanda cha vihisi, idara ya uhandisi ya chuo kilicho karibu inaweza kukufungia vihisi vinne chini ya ubao wenye godoro na kuviunganisha na kompyuta.

Kila tabibu afanye misukumo 10 halisi na 10 ya kuigiza, kwa mpangilio wa nasibu. Andika kilele cha kani, kani ya awali kabla ya msukumo, na muda hadi kilele. Kikomo cha igizo kiwekwe kwenye itifaki kabla ya kupima, na asiwepo tabibu anayeingia kwenye jaribio huku misukumo yake ya kuigiza ikikutana na ile halisi, hata mmoja. Rudia upimaji kila baada ya miezi miwili au mitatu. Mikono husahau, na tatizo linalojitokeza zaidi ni igizo kuongezeka nguvu taratibu, kwa sababu tabibu anamwonea huruma mgonjwa na anatamani kumpa kitu.

Hatua ya 4: Mwandikie tabibu maneno yake

Tabibu ndiye tundu kubwa kuliko yote la kuvujisha siri, na hakuna namna ya kumficha kundi. Kinachowezekana ni kumfunga ulimi. Andika maneno yote atakayosema, kwa Kiswahili anachokizungumza yeye na wagonjwa wake, na ayakariri: "Sasa nitakugeuza ubavu. Vuta pumzi, iachie. Nitasukuma." Marufuku kusema "hii itakusaidia", "leo imekaa vizuri", au kuuliza "umesikia?" Marufuku pia kuhema kwa kuridhika baada ya kiungo kulia.

Tabibu huyohuyo atibu makundi yote mawili. Ukiwagawa, mmoja wa tiba na mwingine wa igizo, hutajua kama tofauti ni ya tiba au ya haiba ya mtu. Rekodi sauti ya vikao, kwa idhini ya mshiriki, kisha mtu asiyejua makundi asikilize angalau kimoja katika kila kumi na kukisia kundi kutokana na sauti tu. Akipatia mara nyingi kuliko bahati inavyoruhusu, tabibu anavujisha siri. Pima na muda: vikao vya igizo vikiwa vifupi kwa dakika mbili au tatu, wagonjwa watahisi.

Hatua ya 5: Chagua washiriki

Usalama kwanza, na unawahusu wote, maana kundi hujulikana baada ya uchunguzi. Waondoe wenye dalili za kuvunjika mfupa, saratani, mifupa dhaifu ya uzeeni, ganzi ya sehemu za siri au kushindwa kuzuia haja, na udhaifu wa miguu unaoongezeka. Kwa shingo, ongeza maumivu mapya makali yasiyo ya kawaida yanayoambatana na kizunguzungu, kuona mbili au kupooza. Afrika Mashariki kuna jambo jingine lisilopaswa kupita hivihivi: kifua kikuu cha uti wa mgongo. Maumivu ya mgongo yenye homa za jioni, kutokwa jasho usiku, kupungua uzito au kibyongo kipya hayasukumwi mpaka vipimo vitoke.

Kisha uliza uzoefu. "Umewahi kunyooshwa au kusukumwa uti wa mgongo na mtaalamu yeyote?" "Umewahi kukandwa kwa mkandaji?" "Umewahi kutazama video za watu wakisukumwa mgongo mpaka viungo vikatoa mlio?" Swali la tatu si la mapambo. Video hizo zinatazamwa na wengi, na zimewafundisha watu kwamba bila mlio hakuna tiba. Kwa jaribio dogo la awali, wachukue wasiowahi kusukumwa. Ukiwachanganya, gawa makundi huku ukisawazisha wenye uzoefu na wasio nao. Usichukue watu wawili wa nyumba moja. Watalinganisha jioni hiyohiyo.

Hatua ya 6: Ridhaa na kugawa makundi

Mwambie mshiriki ukweli: tiba ni mbili, moja ni ya kuigiza, na hataambiwa yake hadi utafiti uishe. Usichomwambia ni namna tiba hizo zinavyotofautiana kwa mguso. Fomu ya ridhaa inayoeleza kwamba "tiba ya kuigiza itafanywa kwenye bega" imeua jaribio kabla halijaanza, na kosa hili huingia wakati kamati ya maadili inapoomba maelezo zaidi. Jibu kamati kwa ukamilifu ndani ya itifaki, na uiombe ikubali fomu ya mshiriki isiyotaja mbinu. Waeleze wote sentensi moja kuhusu mlio: "Unaweza kusikia mlio au usisikie, mlio hauonyeshi uko kundi gani."

Tanzania kibali cha maadili cha kitaifa hupitia NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Kenya, pamoja na kamati ya maadili, utahitaji leseni ya NACOSTI, Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi. Sajili jaribio kwenye rejista ya wazi, kwa mfano ile ya Afrika ya PACTR, kabla ya mshiriki wa kwanza.

Mgawanyo ufanywe na mtu asiyekutana na wagonjwa, kwa mafungu ya watu 4 na ya watu 6 yaliyochanganywa. Bahasha zenye jina la kundi la kila mshiriki ziwe zisizopenya mwanga, zenye namba za mfululizo, na ifunguliwe moja tu, uchunguzi ukishakamilika. Bahasha ikifunguliwa mapema, tabibu atampapasa mgonjwa wa igizo kivivu bila kujua.

Hatua ya 7: Ziba matundu ya kliniki

Acha angalau dakika 20 kati ya mgonjwa na mgonjwa ili wasikutane kwenye benchi. Anayepima maumivu na mwendo wa viungo asiwe tabibu, asikae chumba cha tiba, na asisome faili la tiba. Msindikizaji angoje nje. Kiungo kikilia kwa bahati wakati wa igizo, kiandike kwenye fomu na umwache mshiriki katika kundi lake. Kumhamisha kunaharibu mgawanyo. Madhara, kama uchungu wa misuli kesho yake, yaulizwe kwa fomu ileile kwa wote.

Hatua ya 8: Uliza vizuri, na uulize mapema

Uliza matarajio kwanza, baada ya maelezo ya tiba na kabla ya kuguswa: "Unadhani tiba utakayopewa itakupunguzia maumivu kwa kiasi gani?" kwa kipimo cha 0 hadi 10. Dodoso la Devilly na Borkovec la mwaka 2000, lenye maswali sita kuhusu imani na matarajio kwa tiba, linafaa ukilitafsiri na kulirudisha kwenye lugha yake kwa mtafsiri wa pili.

Swali la siri, yaani anadhani yuko kundi gani, liulizwe mara baada ya kikao cha kwanza, katikati, na mwisho. La kwanza ndilo lenye uzito, kwa sababu nafuu bado haijapata muda wa kumwambia mtu jibu. Liulizwe na msaidizi asiyejua kundi, tabibu akiwa ametoka:

"Unafikiri leo umepata tiba gani?" Majibu: tiba halisi, tiba ya kuigiza, sijui.

"Una uhakika kiasi gani?" 0 hadi 10.

"Ni nini kimekufanya ufikiri hivyo?" Andika maneno yake kama alivyosema.

Swali la tatu ndilo watafiti huliruka, nalo ndilo linaloeleza cha kurekebisha. Panga majibu katika makapu: nafuu au kukosa nafuu, namna ya kusukumwa, mlio, maneno au sura ya tabibu, kusikia kwa wengine. Usimlazimishe mtu kuchagua bila "sijui", lakini pia usiisome "sijui" kwa sauti ya kubembeleza. Wagonjwa wengi wana adabu na wataikimbilia wasije wakamuudhi daktari.

Hatua ya 9: Kokotoa kwa kila kundi

Fahirisi ya Bang, namba inayoonyesha siri imetunzwa kiasi gani, iliyochapishwa mwaka 2004, inakokotolewa hata kwa kalamu. Kwa kila kundi, chukua waliopatia, toa waliokosea, gawa kwa wote waliojibu, pamoja na wa "sijui". Sifuri ni kukisia tu, 1 ni siri kuvuja kabisa, na hasi 1 ni wote kuamini kundi lisilo lao. Watafiti wengi huchukulia kati ya hasi 0.2 na 0.2 kuwa siri imetunzwa.

Tuseme una watu 40 kila kundi. Katika tiba halisi, 26 wanasema halisi, 6 kuigiza, 8 sijui: (26 − 6) ÷ 40 = 0.50. Katika igizo, 20 wanasema halisi, 10 kuigiza, 10 sijui. Waliopatia ni 10, waliokosea 20: (10 − 20) ÷ 40 = hasi 0.25.

Mipaka ya uhakika (eneo ambamo fahirisi ya kweli huenda imo): jumlisha sehemu ya waliopatia na ya waliokosea, toa mraba wa fahirisi, gawa kwa idadi, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 1.96. Kwa igizo hapo juu: (0.25 + 0.50 − 0.0625) ÷ 40 = 0.0172, kipeuo chake ni 0.131, ukizidisha unapata karibu 0.26. Mipaka ni hasi 0.51 hadi 0.01. Kwa watu 40 mipaka ni mipana, na hali mbaya kabisa inafikia 0.31 kila upande. Ukitaka isizidi 0.20 kila upande, hesabu kwa watu 97 kila kundi. Watu 10 kila kundi hawatoshi kudai chochote kuhusu siri.

Fahirisi ya James ya mwaka 1996 inatoa namba moja kwa jaribio zima. Iripoti ukitaka, ila usiitegemee peke yake: inaficha kundi moja nyuma ya lingine.

Hatua ya 10: Soma, kisha amua

Mfano wetu, 0.50 na hasi 0.25, unaonekana kama siri imevuja kwenye tiba halisi. Haijavuja. Makundi yote mawili yanaelekea kuamini yamepata tiba halisi, na hali hiyo inavumilika, mradi uhakika wao wa 0 hadi 10 uwe karibu sawa. Kinachotisha ni chanya pande zote mbili, kwa mfano 0.5 na 0.4: hapo watu wanajua. Tiba halisi ikiwa 0.5 na igizo likawa karibu na sifuri, kundi moja lina imani na lingine lina mashaka, na tofauti ndogo ya maumivu inaweza kuwa ni imani hiyo tu.

Kabla ya kuanza, weka sharti la kuendelea. Pendekezo letu: katika kikao cha kwanza, mpaka wa juu wa fahirisi ya kundi la igizo usifike 0.2. Lisipotimia, fungua makapu ya sababu. Wakisema "alinisukuma kidogo mno", rekebisha mguso, si kani. Kugeuza mwili kwa uhakika na kuulaza vizuri huaminisha kuliko nguvu. Wakisema "sikusikia mlio", tazama maelezo ya ridhaa au tumia kitanda chenye kipande kinachoanguka. Wakimtaja tabibu, rudi hatua ya 4. Baada ya marekebisho, chukua watu wapya. Waliokwisha kuulizwa wameamshwa.

Fahirisi ya mwisho wa jaribio isomwe kwa tahadhari kubwa. Tiba ikifanya kazi kweli, waliopona watasema "halisi" na watakuwa wamepatia, na siri itaonekana imevuja ilhali haikuvuja. Kwa sababu hiyohiyo usichambue maumivu kwa kuwagawa watu kulingana na walichokisia.

Sasa lile kundi la tatu. Matokeo ya Norwei, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalionyesha siku za kipandauso zikipungua katika makundi yote matatu hadi mwisho wa tiba. Baadaye kundi la dawa za kawaida likarudi lilikokuwa, huku la tiba na la igizo yakibaki na nafuu. Watafiti wakahitimisha kwamba nafuu hiyo huenda inatokana na athari ya kuamini tiba. Bila kundi la tatu wasingeweza kutofautisha igizo na mwendo wa kawaida wa ugonjwa. Fedha zikiruhusu, liweke.

Hatua ya 11: Ripoti igizo kama unavyoripoti tiba

Mwongozo wa CONSORT wa kuripoti majaribio, toleo la mwaka 2010, uliondoa sharti la kuripoti upimaji wa siri lililokuwamo katika toleo la 2001, kwa sehemu kwa sababu ya ugumu wa kusoma majibu ya mwisho wa jaribio. Katika tiba za mikono, ripoti hata hivyo. Fuata TIDieR-Placebo ya 2020, mwongozo wa kueleza tiba za kuigiza, na mapendekezo ya CoPPS ya 2023, yaliyoandikwa mahususi kwa tiba za mwili na za kisaikolojia. Weka picha za mikao ya tiba na ya igizo, kani zilizopimwa kwa kila tabibu, maneno waliyokariri, idadi ya milio katika kila kundi, na jedwali zima la majibu kwa kila kikao, "sijui" ikiwemo. Picha na video zitolewe baada ya mshiriki wa mwisho kumaliza, na siku hiyo kila mshiriki ajulishwe kundi alilokuwamo na apewe nafasi ya kupata tiba halisi akiitaka, kama itifaki iliahidi hivyo.